Mtaalamu wa Milango

Guylain alikuwa akimenya kiazi cha tatu pale mkewe, Rolande, alipoangua kicheko mezani mpaka ikambidi avue miwani na kufuta machozi.

"Papa Hadassa," alisema, akimwita kwa jina la binti yao kama alivyozoea, "tangu siku gani weye ni fundi wa kupamba?"

"Kupamba nini?"

"Milango. Njo banasema hapa. Vingt-deux ans ya kupamba milango."

Guylain akaweka kisu chini, akaichukua ile karatasi. Ilikuwa *Mboji*, jarida la kurasa nne la chama cha bustani cha mtaa wao wa Forest, Brussels. Kurasa mbili zilikuwa za Kifaransa, moja ya Kiholanzi, na ya mwisho ya Kiswahili, maana kati ya familia thelathini zenye vitalu katika bustani ile ya kando ya reli, kumi na moja zilitoka Kivu na mbili tatu Tanzania na Kenya. Habari zenyewe zilikuwa zilezile za kila mwezi, zikirudiwa kwa kila lugha. Bomba la maji limefungwa hadi Machi. Aliyeazima toroli jekundu alirudishe, hakuna atakayemuuliza maswali. Latifa wa kitalu namba tisa amepata mjukuu wa kike. Na hapo chini, ndani ya kisanduku chenye majani yaliyochorwa pembeni:

*Jumamosi saa nne asubuhi tutatengeneza mashada ya Noeli kwa ajili ya nyumba ya wazee. Mwaka huu tunaye mtaalamu: Bwana Guylain, aliyepamba milango kwa miaka ishirini na miwili hapa hapa Forest. Njooni mjifunze kwake. Kahawa ipo.*

Guylain akaisoma mara mbili. Ya pili aliisoma polepole, kidole kikiwa juu ya mstari.

"Huyu Maman Clémentine ataniua," alisema.

Ukweli ni kwamba Guylain hakuwahi kupamba mlango wa mtu yeyote. Kwa miaka ishirini na miwili alifanya kazi katika kiwanda cha magari, sehemu ambayo kwa Kifaransa huitwa *garnissage*. Mlango wa gari ulimfikia ukiwa bati tupu, naye akauvalisha: nyaya, spika, mota ya kioo, kitasa, kisha ule ubao wa ndani wenye ngozi. Akimaliza mmoja, mwingine ulikuwa tayari umeshafika mbele yake. Kiwanda kilifungwa mwezi wa pili. Tangu hapo alikuwa amehudhuria mafunzo mawili ya kompyuta, na nyumbani alikuwa amekwisha kutengeneza kila kilichoharibika na baadhi ya vitu ambavyo havikuwa vimeharibika.

Alikumbuka vizuri jinsi mambo yalivyotokea. Jumapili iliyopita Rolande alimtuma bustanini akachume vitunguu vya majani. Clementina, huyo Maman Clémentine, mama wa Kitanzania anayeandika *Mboji*, alimkuta kitaluni na daftari mkononi. Alikuwa na miezi saba tu Brussels, amefuatana na mumewe anayefanya kazi ubalozini. Huko Dodoma alikuwa mtangazaji wa redio, na mazoea ya kuwauliza watu maswali hayakuwa yamemtoka. Akamuuliza Papa Guylain alikuwa akifanya kazi gani. Guylain, aliyelichoka swali hilo kuliko yote, akajibu kwa mkato: "Mi nilikuwa nafanya milango. Garnissage. Vingt-deux ans, milango tu." Kisha akaongeza kwamba ni ya magari, pale kiwandani. Lakini wakati huo treni ya mizigo ilikuwa inapita nyuma ya uzio, na bila shaka maneno hayo ya mwisho yalikwenda nayo.

"Na hii couronne, hii shada," alisema sasa, akimrudishia Rolande karatasi, "mimi naijua ya makaburi tu. Ukiona couronne, unauliza nani alikufa."

"Hapa banaweka kwa mlango. Nakuambia kila mwaka." Rolande alikuwa mlezi katika nyumba hiyo ya wazee iliyotajwa. "Kwetu kuko milango quarante-huit, na bale bazee beko bananiuliza tangu novembre. Donc weye utengeneze tu."

"Nitengeneze na nini? Ukuye pale basi, unisaidie."

"Samedi natumika mpaka saa kumi ya jioni," alisema Rolande, akaanza kucheka upya.

*

Kesho yake, Alhamisi, Guylain alikwenda kwa Clementina, amekata shauri kudai masahihisho. Lakini njiani mambo mawili yalimpata. Mbele ya duka la mikate Papa Tshibangu, mstaafu wa posta aliyekulia Lubumbashi na mwenye kitalu namba moja, alimvulia kofia. "Mtaalamu!" alisema. "Na ulikuwa unatuficha!" Hatua chache mbele, Latifa alishusha kioo cha gari akamwambia kwamba atakuja na dada zake wawili. Guylain alifungua mdomo ili awaeleze. Akaufunga. Ilikuwa imepita miezi kumi tangu mtu amvulie kofia.

Clementina alipojua alichokifanya, alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"Ya magari! Mungu wangu. Nilisikia *garnir*, nikajua ni kupamba. Kwenye darasa la Kifaransa walitufundisha hivyo, unapamba sahani kwa majani ya kotimiri. *Sorry* sana, papa. Nimeaibika."

"Bon. Andika kwamba ulikosea."

"Nitaandika wapi? Limeshaingia kwenye masanduku ya barua mia tatu. Na ukurasa wa Kiswahili watu wameupiga picha, unazunguka kwenye simu. Wamama wa kwaya wa Molenbeek wameniuliza waje na mikasi au mikasi ipo." Akamtazama kwa macho ya kuomba. "Lakini usihofu. Anayefundisha ni Madame Godelieve, kama kila mwaka. Amevunjika kifundo cha mkono wa kulia, kwa hiyo yeye ataeleza na wengine watafanya. Wewe simama tu pale, salimia watu, basi. Nani atauliza?"

Guylain alijua kwamba jibu sahihi lilikuwa kukataa. Lakini alimfikiria Papa Tshibangu na ile kofia.

"Kusimama tu?"

"Kusimama tu, papa."

*

Jumamosi asubuhi kulikuwa na manyunyu ya baridi, yale ya Brussels ambayo hayanyeshi wala hayaachi. Guylain alifika bustanini akiwa amevaa koti lake zuri, akidhani atakuta watu kumi na tano. Walikuwa zaidi ya hamsini. Kwenye banda la vifaa walikuwa wamebanana mabega kwa mabega: wenye vitalu, majirani ambao hawajawahi kushika jembe, Latifa na dada zake, na wanakwaya tisa waliokuja kwa tramu, kila mmoja na mkasi wake wa jikoni. Juu ya meza ndefu yalilala matawi ya msunobari, marundo ya *houx* yenye majani ya kung'aa na miiba ukingoni, na *lierre*, ule mmea unaotambaa ukutani. Pete arobaini na nane za fito, zilizosukwa tangu Oktoba, zilitundikwa kwenye msumari.

Clementina alimvuta kando. Uso ulikuwa umempauka.

"Madame Godelieve haji."

"Ni mgonjwa?"

"Amenitumia ujumbe. Anasema: 'Kwa kuwa chama kimepata mtaalamu, nami nimepata nafasi ya kuupumzisha mkono wangu. Nawatakia kazi njema.' Papa, amekasirika. Amefundisha hapa miaka kumi na tisa. Amesoma kwenye gazeti langu kwamba nimemweka mtu mwingine."

Papo hapo Papa Tshibangu akaanza kupiga makofi. Banda zima likamfuata. Watu wakafungua njia hadi mezani, na Guylain akajikuta amesimama mbele ya rundo la matawi, macho hamsini yakimwelekea, na macho mengine hamsini yakiwa nyuma ya simu.

Alijaribu. Hilo mtu asimnyime. Alichukua pete ya fito, akaweka tawi la msunobari juu yake, akalifunga kwa waya. Akaweka la pili upande wa pili ili mizani iwe sawa. *Houx* ilimchoma kidole gumba, akaifunga kwa hasira. Kila tawi alilofunga lilikata shauri lake lenyewe: moja lilitazama juu, jingine likamtazama Latifa. Baada ya dakika kumi aliliinua shada lake juu ili watu walione, na upande wa kushoto ukaachia, ukadondoka mezani mzima mzima.

Dada za Latifa wakainama kulitazama. Kisha mwanakwaya mmoja akauliza kwa upole, "Papa, ni style?"

Guylain akaweka waya chini.

"Hapana, maman. Haiko style. Muniache niseme wazi." Akavuta pumzi. "Mimi sijue kutengeneza couronne hata moja. Ile milango nilikuwa nafanya ni ya motokari, pale usine. Maman Clémentine alisikia mubaya, na mimi nilijua tangu mercredi. Ningesema. Sikusema, juu ilinifurahisha batu baniite mtaalamu. Njo ukweli wote."

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Papa Tshibangu, na alicheka mpaka akaegemea reki. Wengine wakafuata. Hakikuwa kicheko kibaya, lakini Guylain alitamani ardhi impokee.

"Sasa tunarudi Molenbeek?" akauliza yule mwanakwaya.

Guylain akatazama zile pete kwenye msumari. Akawafikiria wale wazee wanaomuuliza Rolande kila siku tangu Novemba.

"Hakuna kurudi," alisema. "Munywe kahawa. Kisha mukate hii matawi yote, kila moja urefu wa kiganja, muweke yenye yanafanana pamoja. Hii rundo moja, hii rundo moja, hii rundo moja. Kazi yoyote, unatayarisha pièces kwanza. Mimi nakwenda kumutafuta mwenye anajua."

Clementina akachukua koti lake amfuate, akisema kosa ni lake na anayestahili kuomba radhi ni yeye.

"Utaomba akifika," Guylain alimwambia. "Ukiacha hawa sasa, batakata mpaka meza."

Akalitia shada lake lililovunjika ndani ya mfuko wa plastiki, akatoka.

*

Madame Godelieve aliishi juu, karibu na uwanja wa Altitude Cent, na kutoka bustanini hadi kwake ni mlima mtupu. Guylain alikatiza kwenye ile bustani kubwa ya matembezi ya Forest, akiteleza kwenye majani yaliyooza, na alipobonyeza kengele ya ghorofa ya pili alikuwa akihema kama aliyefukuzwa.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mrefu wa miaka sabini na kitu, nywele nyeupe zimekatwa fupi, mkono wa kulia ndani ya plasta ngumu kuanzia vidoleni hadi kiwikoni. Walizungumza Kifaransa, chake kilikuwa na uzito wa Kiflemi, kile Kiholanzi cha Ubelgiji, cha Guylain kilikuwa na Uvira, mji wake wa Kivu, ndani yake.

"Wewe ndiye mtaalamu?" aliuliza.

"Mimi ndiye niliyeandikwa hivyo, madame. Na hiki ndicho alichotengeneza mtaalamu."

Akalitoa shada mfukoni. Godelieve alilitazama kama mtu anavyomtazama ndege aliyegonga dirisha.

"Nani amelikanyaga?"

"Hakuna. Lilizaliwa hivi."

Bila kutaka, Godelieve alinyoosha mkono wa kushoto, akalichukua. Akaligeuza. Akalisogeza karibu na taa ya ukumbini. "Umelifunga tawi mojamoja. Tawi halifungwi peke yake, yanafungwa matatu matatu. Na haya yanatazama huku, na haya yanatazama kule. Yote yanakwenda upande mmoja, bwana, na kila kifungu kinaficha miguu ya kile kilichotangulia. Na hapa! Hapa umekata waya. Kwa nini umekata waya? Waya haukatwi mpaka mwisho." Akajizuia. Akamrudishia. "Lakini hilo si langu tena. Nimesoma habari zenu."

Guylain akamweleza: treni ya mizigo, *garnissage*, kotimiri. Mdomo wa Godelieve ulicheza kidogo kwenye pembe, lakini hakubanduka mlangoni.

"Kwa hiyo ni kosa la masikio," alisema. "Vizuri. Lakini mwenyekiti alilisoma kabla ya kuchapwa, na wengine walilisoma baada ya kuchapwa, na hakuna hata mmoja aliyepiga simu kuuliza, 'Je, Godelieve?' Miaka kumi na tisa. Labda waliona ni sawa tu. Mkono wenyewe huu."

Guylain alikuwa amepanga maneno mengi wakati wa kupanda mlima. Akayaacha yote.

"Madame," alisema, "siku ya mwisho kiwandani walitupa mfuko wa kutolea vitu vyetu kabatini. Nilikuwa na viatu, taulo na kikombe. Vikaingia vyote, na nafasi ikabaki. Miaka ishirini na miwili, na mfuko haukujaa. Nilikwenda nao kwenye tramu, nimeupakata. Sitaki mtu mwingine akae nyumbani na mfuko wake kwa sababu mimi nilipenda kuvuliwa kofia na Bwana Tshibangu."

Ngazini mtu alipita na mbwa, akasalimia, akashuka.

"Tshibangu alikuvulia kofia?" aliuliza Godelieve.

"Ndiyo."

"Mimi hajanivulia hata siku moja." Akageuka, akatoa koti kwenye kulabu. "Nisaidie kuvaa. Huu wenye plasta kwanza, vinginevyo hautaingia. Na hilo jambo lako lirudishe mfukoni, sitaki watu wanione nalo barabarani."

*

Walipofika, watu walikuwa wameshakata kila kitu. Matawi yalikuwa yamepangwa mezani kwa marundo sawasawa, urefu wa kiganja, msunobari huku, *houx* kule, *lierre* mwisho. Godelieve alisimama kizingitini, akayatazama marundo yale, akamtazama Guylain.

"Nani aliyewapangia hivi?"

"Mimi, madame. Kama vipuri."

"Hm," alisema Godelieve. Wanaomjua wanasema hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Clementina alikuja mbele ya wote, akamwomba radhi kwa Kifaransa alichokuwa ameandika kwenye kiganja chake ili asikosee tena. Godelieve akamkatiza katikati, akambusu shavuni mara moja, akasema, "Kaa hapa karibu, utanishikia pete." Kisha akapanda kwenye kiti kirefu, kile cha kuchumia peasi, na darasa likaanza.

Alifundisha kwa mkono mmoja na kidevu. Matawi matatu: msunobari nyuma, *lierre* katikati, *houx* mbele. Laza juu ya pete. Waya mara tatu, vuta mpaka ulie. Kifungu kinachofuata juu ya miguu ya kilichotangulia. "Zungusha pete!" alikuwa akipaza sauti. "Mkono ubaki palepale! Pete ndiyo inayotembea!" Papa Tshibangu, aliyekuwa akiizunguka meza yeye mwenyewe badala ya kuzungusha pete, alirudishwa mahali pake mara nne.

Saa sita ilipogonga walikuwa na mashada tisa. Guylain akapiga hesabu kichwani, akaona hawatafika. Akamsogelea Godelieve na kumnong'oneza kwamba kama kundi la kwanza lingekata tu, la pili likafunga vifungu tu, la tatu likasokota waya tu, na la nne likatia utepe tu—

"Hiki si kiwanda," alisema Godelieve kwa sauti ya banda zima.

"Si kiwanda, madame. Lakini ni milango arobaini na minane, na wanatungoja saa kumi."

Wakabishana hapo hapo, mmoja juu ya kiti, mwingine chini, watu wote wakisikiliza. Godelieve alisema shada linatengenezwa na mtu mmoja, mwanzo hadi mwisho, la sivyo halina uso. Guylain akasema uso wauache kwa mwenye kufunga, lakini hakuna sababu ya kila mtu kwenda kutafuta matawi yake kama kuku. Mwishowe waligawana. Kukata na kupanga vifungu kukawa kazi ya wote kwa mstari. Kufunga, kila mtu lake. Wanakwaya wakaimba ili mikono iende pamoja. Guylain mwenyewe alikaa na waya. Shada lake la pili lilikuwa baya, la tatu lilivumilika, na alipofika la tano Godelieve alilipita bila kusema neno, jambo ambalo Guylain alikwisha kujua kwamba ni jema.

Kwenye shada la thelathini na moja utepe mwekundu uliisha.

"Bila chekundu ni nyasi tu," alisema Godelieve. "Plastiki sitaki kuiona."

Watu wakatazamana. Macho ya Latifa yakapanda juu, kwenye boriti za banda, na ya wengine yakamfuata. Huko juu zilining'inia kamba nne za pilipili, nyekundu, zilizokauka vizuri, kila moja ndefu kama mtu.

"Ah non," alisema Papa Tshibangu. "Non, non, non. Ile ni pilipili yangu ya mwaka muzima!"

"Papa," alisema Clementina kwa sauti yake ya redio, "nitaandika kwamba ulizitoa kwa hiari."

"Sikuzitoa!"

"Bado."

Alizitoa. Alizishusha mwenyewe kwa ngazi, akahesabu kila iliyokatwa, tatu kwa kila shada, na kila mara akasema neno fulani kwa Kiluba ambalo hakuna aliyelitafsiri. Lakini Godelieve alipoona yale mashada ya mwisho, kijani kizito na vile vidole vyekundu vikitokeza, alishuka kitini ayatazame kwa karibu.

"Miaka kumi na tisa natumia utepe," alisema.

*

Waliyapeleka kwa matoroli matatu, likiwemo jekundu, ambalo mtu alikuwa amelirudisha kimya kimya na kuliegemeza kwenye uzio. Rolande aliwapokea mlangoni mwa nyumba ya wazee, bado na vazi lake la kazi, akamwona mumewe amejaa utomvu hadi kwenye nyusi na koti zuri limechanika kiwiko.

"Umeshatengeneza ngapi?" alimuuliza.

"Peke yangu? Sita. Tano njo zinaonekana."

Wakapita ukumbi kwa ukumbi, wakitundika. Wazee walitoka vyumbani na vigari vyao vya kutembelea ili kuchagua, na ikaonekana upesi kwamba hakuna anayetaka utepe. Yenye pilipili yalikwisha kabla ya kumaliza ghorofa ya kwanza. Monsieur Lucien, mwalimu mstaafu wa miaka tisini na mmoja, alilipata la mwisho. Alilitazama kwa karibu, akalisifu, na kabla Rolande hajamfikia, akachuma pilipili moja na kuitafuna.

Rolande alikwenda mbio kutafuta maziwa. Guylain alimshika mzee mabega. Machozi yalimtiririka Monsieur Lucien, uso ukawa mwekundu kama pilipili yenyewe, akakohoa mpaka muuguzi wa zamu akatokeza. Kisha akanywa maziwa yote, akafuta mdomo kwa leso, na kuuliza kwa sauti ya kukwaruza kama upo uwezekano wa kuwekewa hizo kwenye supu. Miezi minne, alisema, hakuwa ameonja kitu chochote katika nyumba ile.

"Nitazungumza na jikoni," alisema Rolande, akalipandisha shada la mzee juu ya mlango ambako hata kwa fimbo asingelifikia.

Giza lilikuwa limeanza kuingia pale Guylain alipompandisha Godelieve mlima kurudi kwake. Godelieve alikuwa amechoka, akimshika Guylain mkono bila kuona haya. Mbele ya mlango wake wa chini alisimama kutafuta funguo kwa mkono wa kushoto aliokuwa hajauzoea.

"Jumamosi ya pili ya Januari tunapogoa mipeasi," alisema. "Umewahi kupogoa?"

"Sijawahi, madame. Sijui chochote."

"Vizuri. Hutakuwa na mazoea mabaya ya kuacha. Saa tatu. Ngazi utaibeba wewe."

Akaingia. Guylain akashuka hadi kituo cha tramu, ambako Rolande alikuwa amekaa kwenye benchi na viatu vya kazi mapajani, miguu amejitia ndani ya vile vya kawaida bila kufunga kamba. Tramu ikaja. Wakakaa viti vya nyuma, mikono ya Guylain ikinuka msunobari hata mwanamke wa mbele aligeuka kutazama.

"Hadassa amepiga simu," alisema Rolande baada ya vituo viwili. "Anauliza kama utamusaidia kuhama kot yake, ile chambre ya wanafunzi, kule Liège. Le dix janvier, samedi."

Guylain akahesabu Jumamosi za Januari kwa vidole vilivyochomwa.

"Dimanche, kesho yake," alisema. "Samedi sina nafasi."